Imepokelewa Si Jibu

Lipo neno moja ambalo siku hizi linaharibu kazi za ofisi zetu kuliko uvivu na kuliko uhaba wa fedha. Neno lenyewe ni "Imepokelewa." Makao makuu yakituma agizo kwenye kundi la WhatsApp, zinateremka "imepokelewa" kumi, kumi na tano, moja chini ya nyingine, kama wanafunzi wanaoitika majina asubuhi. Nyingine zina "mkuu" mwishoni ili kuongeza heshima. Halafu kimya. Mkubwa huko aliko huridhika kwamba mawasiliano yamefanyika. Mimi nathubutu kusema kwamba hapo hakuna mawasiliano yoyote. Wameitika majina tu.

Nayasema haya nikiwa Songea, mji ulio zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Makambako. Kutoka hapa kwenda Tunduru ni zaidi ya kilomita 250 nyingine, na ukitaka kufika Mbamba Bay ziwani huna budi kupita Mbinga na milima ya Umatengo. Mwaka 2020, korona ilipowafungia watu majumbani, wataalamu wa ng'ambo waligundua kwa mshangao mkubwa kwamba inawezekana kufanya kazi pamoja na mtu usiyemwona. Sisi tumeishi hivyo miaka yote. Bwana shamba yuko kijijini, mkuu wake yuko wilayani, mkuu wa mkuu wake yuko Dodoma au Dar es Salaam, na kama ni mradi, basi mwenye fedha yuko Ulaya. Tulipaswa tuwe tumekwisha kuwa walimu wa jambo hili.

Wapo watakaosema tatizo ni mtandao. Lilikuwa tatizo kweli. Kabla ya mwaka 2018, mji huu ulipounganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya umeme kutoka Makambako, tulitegemea majenereta ya dizeli, na jenereta likigoma hata kalamu ya wino ilikuwa ya maana kuliko kompyuta. Lakini sasa umeme upo, mkongo wa Taifa wa mawasiliano umefika, na simu za mkononi ziko hadi magengeni. Nyaya zimekuja, ndugu msomaji. Mbona bado hatuelewani?

Nilipoanza kazi mwaka 1991, ofisi yetu ilikuwa na simu ya upepo. Vijana wa leo hawaijui. Ilikuwa na saa zake maalumu, asubuhi na alasiri, na sauti ilikwaruza kama bati linaloburutwa. Kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kusema "imepokelewa" akaondoka. Aliyepokea alikariri neno kwa neno: mifuko ni arobaini wala si kumi na minne, gari linaondoka Alhamisi wala si Jumanne. Na kama agizo halikuwa na maana, alisema palepale, maana mtu wa upande wa pili alikuwa bado ameshika chombo akisubiri. "Alhamisi daraja halipitiki, badili." Na ratiba ikabadilishwa. Ubovu wa chombo kile ulitulazimisha kusikilizana.

Sasa nitoe mfano wa siku hizi. Mwezi Julai 2022, shirika nililokuwa nikilifanyia kazi lilituma agizo kutoka makao makuu Dar es Salaam: wakulima wa vijiji vitatu vya Mbinga waitwe kwenye mafunzo ya siku tano mfululizo, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Yeyote aliyewahi kulala usiku mmoja Umatengo anajua Julai ni nini kule. Ni kahawa. Familia nzima iko shambani tangu alfajiri ikichuma, na kahawa iliyoiva haingoji semina. Ikichumwa leo inatakiwa imenywe leo. Maofisa wetu wa vijijini walilijua hilo kama wanavyojua majina ya watoto wao. Wakaandika "imepokelewa". Mimi, kwa kuwa nilikuwa ofisi ya Songea na umri umenipa ukaidi kidogo, niliandika aya mbili kueleza kwamba mafunzo yasogezwe hadi Oktoba. Nilijibiwa kwa maneno matatu: "Tafadhali zingatieni maelekezo."

Mafunzo yalifanyika. Siku ya kwanza walikuja wazee kumi na mmoja, siku ya tatu wakabaki wanne. Taarifa iliyokwenda kwa wafadhili ilisema kwamba "mwitikio wa jamii ni mdogo", na kijana wetu mmoja, mchapakazi, aliandikiwa barua ya kumtaka ajieleze kwa nini hakuhamasisha vya kutosha. Mwisho wa mwaka mkataba wake haukuongezwa. Nikimkumbuka huwa napandwa na hasira, kwa sababu kijana yule alilijua jibu sahihi wiki tatu kabla, na hapakuwa na mahali pa kulisemea.

Wakubwa wengi watanijibu kwamba hiyo ndiyo nidhamu ya kazi. La hasha. Hiyo ni hofu. Mtu anayeandika "imepokelewa mkuu" huku akijua kwamba jambo halitekelezeki anaulinda mkate wa watoto wake. Mimi simlaumu. Namlaumu aliyelitengeneza kundi ambamo kuuliza swali kunaonekana kama kumvunjia mtu heshima mbele ya watu arobaini.

Na tusidanganyane kwamba umbali lazima ulete upofu huu. Hapa hapa Songea, miaka ya 1960, palikuwa na ushirika wa vijiji uliojulikana kwa kifupi kama RDA. Ulianzia Litowa, ukakua hadi kuwa na vijiji kumi na saba hivi, vingine mbali sana, kama Matetereka ya upande wa Madaba. Barabara zilikuwa za vumbi kiangazi na tope masika. Lakini mambo ya kijiji yaliamuliwa kwenye mkutano wa kijiji, wajumbe wa vijiji walikutana na kuambiana, na kijiji kipya kilipohitaji msaada hakikutumiwa waraka. Wenyeji wa kijiji cha zamani walifunga mizigo wakaenda kuishi nacho na kulima nacho. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwasifu. Kisha Septemba 1969 uamuzi ukapitishwa Dar es Salaam, katika Kamati Kuu ya TANU, kwamba ushirika ule uvunjwe. Wanavijiji hawakuulizwa. Waliarifiwa. Mali zao za pamoja, pamoja na mashine ya kusaga, zikachukuliwa. Siasa ya jambo lile ina mengi, na sitaki kuyaingilia hapa. Ninachotaka msomaji aone ni tofauti ya namna mbili za kuzungumza na mtu aliye mbali.

Basi ninataka nini? Kwanza, lile neno lipigwe marufuku, na mahali pake anayepokea agizo aandike kwa maneno yake atafanya nini, lini, na nini kitamzuia. Ni sentensi mbili. Pili, anayetuma agizo aeleze sababu yake, kwa kuwa mtu anayejua sababu anaweza kuokoa kazi hata mambo yakigeuka. Tatu, hoja ikiletwa kutoka chini ijibiwe kwa hoja. "Zingatieni maelekezo" si hoja. Mkuu na aje walau mara mbili kwa mwaka, asiishie hotelini mjini. Alale Mbinga, alale Namtumbo, ale ugali na dagaa wa Nyasa, asikie watu wanavyoongea wakiwa hawaandiki taarifa. Mtaniambia gari linakula mafuta. Yale mafunzo ya Julai yalikula mafuta kiasi gani?

Tena kuna hili la bando. Mfanyakazi anadaiwa picha, video na taarifa kila siku, na bando ananunua kwa mshahara wake. Ofisi inayotaka kusikia sauti ya mtu wake ilipie sauti hiyo. Na agizo linalotumwa saa tatu usiku likidai taarifa kabla ya saa mbili asubuhi lisubiri ofisi zifunguliwe saa moja na nusu. Mwenzetu aliye nyuma ya milima ya Umatengo hupanda hadi juu ya kilima ndipo simu yake ipate mtandao, na huko hapandi usiku. Atauona ujumbe kesho saa nne, baada ya kuzungukia mashamba mawili, na ndipo atakapojibu.