Watu Wazima Wasifungiwe Mlango wa Mtihani

Kila mwaka yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, magazeti hujaa picha za vijana waliobebwa juu juu na wazazi wao, huku vigelegele vikipigwa. Ni haki yao, nami huwapigia makofi. Lakini katika orodha hiyo hiyo ya watahiniwa wamo watu ambao hapana anayewabeba. Ni baba za watu na mama za watu, waliofanya mtihani ule ule, siku zile zile, kwa saa zile zile. Wengi wao huyapokea matokeo yao kwa siri, kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima. Hao ndio nitakaowasemea leo katika ukurasa huu, nami nawasemea kwa haki, kwa kuwa nilikuwa mmoja wao.

Nilipata elimu yangu ya mwanzo chuoni kwa ami yangu, Mombasa. Alfajiri tulikuwa tumeshaketi mkekani, kila mmoja na msahafu wake juu ya marufaa, na fimbo ya mwalimu haikuwa mbali. Shule ya serikali niliiendea mchana. Mwaka 1985 nilikuwa katika kundi la kwanza kabisa lililofanya mtihani wa KCPE, nikafaulu, nikaitwa sekondari. Barua ya kuitwa ilikaa nyumbani kwetu mpaka ikageuka rangi. Marehemu baba alikuwa mvuvi, na bahari mwaka ule haikutoa karo. Nikaenda kuhesabu magunia katika ghala moja karibu na bandari, na usiku nikatunga mashairi na kuyapeleka kwa wahariri. Kalamu ikanilea, nikawa mwandishi wa habari za mitaani, nikalipwa kwa makala.

Kwa miaka mingi hapana aliyeniuliza nimesoma wapi. Kisha nikaomba kazi ya kudumu katika ofisi ambayo sitaitaja. Waliyasifu maandishi yangu, wakaniambia wanayafahamu, kisha wakaniuliza cheti cha kidato cha nne. Nikasema sina. Kijana aliyekuwa akinihoji akainamisha macho kwa haya, maana baadhi ya tungo zangu alizisoma akiwa shuleni. Nilirudi nyumbani nikiwa na umri wa miaka 38, na neno moja kichwani: sina.

Basi mwaka uliofuata, 2009, nikajiandikisha masomo ya jioni. Tulisomea katika darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto ambayo magoti hayakuingia chini yake. Tulikuwa yapata watu ishirini. Alikuwamo bawabu aliyekuja na sare yake ili akitoka aende moja kwa moja lindoni. Alikuwamo dereva wa matatu, kuli wa bandarini, na mama mmoja muuza mahamri ambaye vidole vyake havikuisha kunukia hiliki. Sote tulificha vitabu vyetu. Mimi changu nilikitia ndani ya gazeti, mama yule alikitia kikapuni chini ya kitambaa cha mahamri.

Nataka msomaji aelewe aibu hii ni ya namna gani. Si aibu ya kutojua, maana kila mmoja wetu alikuwa bingwa wa jambo fulani. Ni aibu ya kuonekana unajifunza. Tumezoeshwa kwamba kujifunza ni kazi ya mtoto, na mtu mzima kazi yake ni kujua. Siku binti yangu, aliyekuwa kidato cha tatu wakati huo, alipoliona daftari langu la hisabati chini ya godoro, nilitaka ardhi inimeze. Yeye akalifungua, akatazama kidogo, akasema, "Baba, hapa umesahau kubadilisha alama." Tangu usiku ule tukawa tunakaa barazani pamoja, yeye akinifundisha hisabati, mimi nikimsahihishia insha zake.

Na hapa ndipo nilipogundua jambo ambalo walimu wa watoto hawalijui. Mtu mzima haji darasani mtupu. Mwalimu wetu, binti kijana kutoka bara, alituletea hesabu za sehemu, na darasa zima likanyamaza. Mimi nikaziona kama jamaa niliopotezana nao. Katika darsa za msikitini tulisoma ilimu ya mirathi. Mtu akifa akaacha mke, mama, mwana mmoja wa kiume na mmoja wa kike, mke ana thumni, mama ana sudusi, na kinachosalia mwana wa kiume huchukua mafungu mawili kwa moja la dada yake. Gawa mali mafungu 72: mke 9, mama 12, mwana wa kiume 34, wa kike 17. Nikaliandika hilo ubaoni. Mwalimu akatazama, akasema, "Ustadh, kumbe hesabu hii unaijua, ila huijui kwa jina la hapa." Maneno hayo yalinitibu.

Lakini asije mtu akadhani nasema kwamba sisi tulikuwa wajuzi tulioonewa. Katika mtihani wa majaribio wa Kiswahili, karatasi ya fasihi, tuliwekewa shairi na maswali. Mimi, mtunzi wa miaka yote hiyo, nikaandika ukurasa mzima kuonyesha kwamba mshororo mmoja umepungua mizani, na jinsi ambavyo ungetengenezwa. Nikapata alama chache kuliko bawabu. Nilipolalamika, mwalimu alinijibu kwa adabu, "Ustadh, mtahini hakuuliza hayo. Jibu ulichoulizwa." Alikuwa na haki. Kusoma swali na kulijibu lenyewe ni elimu, nami sikuwa nayo.

Nilifanya mtihani mwaka 2011, nikiwa na miaka 41. Sikupata maajabu. Kiswahili na dini zilinibeba, hisabati ilinikokota, na jumla nikaangukia C. Lakini ile "sina" ilikwisha.

Yule mama wa mahamri hakufanya. Alisoma nasi miaka yote miwili, na biolojia alitushinda sote. Wiki ya kujiandikisha ilipofika, mwanawe alifukuzwa shule kwa karo. Pesa alizozikusanya shilingi kwa shilingi zikaenda kwa mtoto. Nilipomuuliza, akasema, "Mwakani, kaka, inshallah." Hakunung'unika. Wahenga walinena, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tulioingia chumba cha mtihani tulimsahau upesi. Yeye hakusahau. Kila nikipita kununua mahamri humuuliza, naye hunijibu neno lile lile: mwakani.

Msomaji ataniuliza, kwani serikali haikufanya kitu juu ya elimu ya watu wazima? Ilifanya, na si haki kukanusha. Bodi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria mwaka 1966. Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha kampeni ya taifa zima ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma, na idara maalumu ikaundwa. Wazee wetu walikwenda ngumbaru, wakajifunza kuandika majina yao, wakaacha kutia kidole gumba. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, takriban 38 walikuwa bado hawajui kusoma na kuandika. Kazi ile ilikuwa kubwa na ingali kubwa.

Tena tunao mashujaa wetu. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa ya bure mwaka 2003. Mwaka 2005 alikwenda New York kusema mbele ya wakuu wa dunia juu ya elimu, na alipofariki mwaka 2009 dunia ilimlilia. Bibi Priscilla Sitienei wa Ndalat, mkunga aliyezalisha vizazi, aliketi darasani na vitukuu vyake akiwa amepita miaka 90, hadi alipofariki mwaka 2022. Tuliwapiga picha, tukawapenda.

Lakini tazama vyema. Tunampenda mzee anapoanza a, e, i, o, u, kwa sababu anatufurahisha. Mtu wa miaka arobaini anayetaka kumaliza kidato cha nne hatufurahishi. Huyo anataka kazi, anataka kupandishwa cheo, anataka kuingia chuo cha ualimu au cha uuguzi. Amekwisha kujua kusoma, kwa hiyo katika hesabu za kufuta ujinga hayumo. Hayuko shuleni, kwa hiyo katika hesabu za wanafunzi hayumo pia. Ameanguka kati ya jahazi na gati.

Na kuanguka huko kuna gharama. Ada ya mtihani ya mtoto aliye shuleni imekuwa ikilipwa na serikali. Mtahiniwa wa kibinafsi hujilipia mwenyewe. Mtihani unadai masomo yasiyopungua saba, na ndani yake sayansi, ambayo ina karatasi ya vitendo ya kufanywa katika maabara. Muuza mahamri ataipata wapi maabara? Shule za sekondari zinazo, nazo hufungwa jioni, wakati yeye ndio kwanza amefua sufuria zake. Wenzetu wa Tanzania waliweka njia ya mtu aliyekosa sekondari: hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, akifaulu aendelee na mtihani wa kidato cha nne. Tena wanayo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima tangu mwaka 1975. Sisemi kwamba huko ni peponi, lakini njia ina jina na mtu anajua aanzie wapi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonitia kalamu mkononi. Mfumo wa 8-4-4 unakwisha. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. KCSE nayo imepangiwa kukoma mwaka 2027, na watoto wa mtaala mpya wameshika njia yao, wenye masomo yao na tathmini zao za tangu madarasa ya chini. Watoto wamepangiwa, na walimu wamefundishwa. Je, yule aliyeweka cheti chake cha KCPE ndani ya kasha tangu mwaka 1985 au 1995, akisema mwakani, mwakani, amepangiwa nini? Hawezi kurudi utotoni akapimwe upya darasa kwa darasa.

Wako watakaosema, cheti cha nini kwa mtu mzima? Muyaka alikuwa na cheti gani? Mwana Kupona alifanya mtihani upi? Nimeyasikia haya barazani, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Ni kweli, na mimi wa kwanza kusema kwamba mabibi zetu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walihesabiwa wajinga na watu waliokuwa hawawezi kusoma walichoandika wao. Elimu si karatasi. Lakini Muyaka hakuombwa karatasi ili auze shairi lake. Sisi tunaombwa. Ni sisi tulioujenga ulimwengu ambao mlango hufunguliwa kwa cheti, kisha tunamwambia aliye nje kwamba cheti si kitu. Mwenye kushiba husahau haraka ladha ya njaa.

Kwa hiyo nasema, na nasema kwa wakubwa wa elimu na kwa wawakilishi wetu wa kaunti na Bunge: kwanza, mtahiniwa mtu mzima asamehewe ada ya mtihani kama anavyosamehewa mtoto, kwani Katiba ya mwaka 2010 iliposema kila mtu ana haki ya elimu haikutaja umri. Pili, katika kila kata ifunguliwe walau shule moja ya sekondari jioni, pamoja na maabara yake, na mwalimu alipwe kwa saa hizo. Tatu, na hili ndilo la haraka, itangazwe mapema, kwa Kiswahili, redioni na misikitini na makanisani na sokoni, njia atakayoipita mtu mzima baada ya mwaka 2027, na vyeti vya zamani viheshimiwe katika njia hiyo.

Na kwetu sisi raia nina neno moja. Ukimwona jirani yako jioni amekumbatia daftari, usimwulize kwa kicheko, "Na wewe wasoma?" Mwulize amefika wapi. Binti yangu hakunicheka, na ndiyo sababu leo naandika haya bila ya kuficha.

Wiki iliyopita nilinunua mahamri. Nikamuuliza mama yule kama kawaida. Akanijibu "mwakani", kisha akanyamaza, akahesabu kwa vidole miaka iliyobaki. Vidole vilikuwa vichache.

Mlango usiufunge, kuna mtu yu njiani,
Mwachie naye asonge, ana kitabu kwapani,
Umri usimtenge, na wenzake darasani,
Mwakani ina ukomo, mfungulieni sasa.

Si kwamba hana akili, bali alikosa ada,
Alizibeba shughuli, za wanawe na za dada,
Leo amerudi kweli, asipotezewe muda,
Mwakani ina ukomo, mfungulieni sasa.