Bwana katorokea Goziba, barua za deni za nini kwa mtalaka wake?

Hivi ni sheria gani ya nchi hii inayosema mwanamke akiachika huachiwa madeni ya mwanamume kama kiinua mgongo? Tunauliza kwa sababu katika mitaa ya Kirumba, Igogo, Mabatini na huko Igombe mtindo huu umeota mizizi, na wakubwa wamekaa kimya kama hawaoni.

Mambo huenda hivi. Bwana anakopa fedha za injini na nyavu, ama kwa wakala wa samaki ama kwenye vijiduka vya mikopo ambavyo walalahoi wamevibatiza jina la "kausha damu". Kwenye fomu anaandika makazi: nyumba ya mama fulani, mtaa fulani. Sangara wakiadimika na ndoa ikavunjika, bwana anapanda mtumbwi kwenda Goziba au Ukerewe na kuoa upya. Barua zinabaki zikibisha hodi kwa mama wa watu. Tena haziji kwa posta, maana mlalahoi hana sanduku. Zinaletwa mkononi na afisa mikopo aliyefuatana na mjumbe, zikiwa na muhuri wa ofisi ya mtaa. Mama akiuona muhuri magoti yanalegea.

Muuza dagaa mmoja wa Igombe alimwonyesha mwandishi wa makala hii barua tatu za namna hiyo, zote kwa jina la mwanamume waliyekwisha kuachana. Ya mwisho ilimpa siku saba, la sivyo vyombo vya ndani vichukuliwe. Kwa hofu alikuwa ameshatoa marejesho mawili kutoka kwenye mtaji wake wa dagaa. Malipo hayo hayamfanyi kuwa mdaiwa, lakini wajanja watayatumia kudai kwamba alilikubali deni.

Ndugu msomaji, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali na kuingia mikataba kwa jina lake. Mali ya mke haigeuki kuwa ya mume kwa sababu tu wameoana, sembuse baada ya talaka! Na mkataba humbana aliyeutia saini. Kama mama alisaini kama mdhamini, hapo tusidanganyane, anadaiwa. Kama mkopo ulijenga nyumba yao wote wawili, mahakama inapogawa mali itaangalia na deni hilo. Lakini nyavu alizokwenda nazo bwana kisiwani mama anahusika nazo vipi?

Kuhusu vyombo, afisa mikopo hana mamlaka ya kubeba hata sufuria kwa barua aliyoichapa mwenyewe. Kuuza mali ya mdaiwa ambayo haikuwekwa rehani kunahitaji hukumu na dalali wa mahakama. Na hata hukumu ikiwepo, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966 inakataza kukamata vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake. Nyumba ya ndoa nayo haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi.

Kwa hiyo, mama, usisaini kwamba umepokea. Barua iliyofungwa usiifungue. Andika juu yake "Hayupo hapa, irudishwe", weka tarehe, baki na nakala. Wakirudi waombe mambo mawili: mkataba wenye saini yako, na leseni yao, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 hairuhusu kukopesha bila leseni. Wengi hapo watakumbuka ghafla kwamba wana safari. Novemba 2024 Benki Kuu yenyewe ilitaja programu 69 za mikopo ya simu zisizo na kibali, zile zinazomtumia ujumbe wa deni hadi shemeji wa jirani.

Sasa tuwageukie waheshimiwa. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, ikarudi 2024. Waliokula hawakuwa wauza dagaa, ila wauza dagaa ndio waliofungiwa mlango, na kausha damu wakashangilia. Na hao wenyeviti wa mitaa, ambao chama tawala kilitangaziwa karibu viti vyote Novemba 2024, wanapata wapi ujasiri wa kugonga muhuri wa umma kwenye barua ya mfanyabiashara binafsi, kumtisha mtu asiyedaiwa? Wakurugenzi wa Nyamagana na Ilemela watoe waraka wa kukataza jambo hilo.

Wadai nao wasilie kwamba wanaonewa. Sheria inawapa miaka sita kumshitaki mtu aliyevunja mkataba wao. Wamfuate. Goziba inajulikana iliko.