Mbwa wa Kabwe na Kalenda ya Chanjo

Katika vitabu vya utabibu wa wanyama vinavyoandikwa Ulaya na Marekani, mbwa ana kalenda yake ya chanjo kama vile mtoto mchanga alivyo na kadi yake ya kliniki. Mwenye mbwa na mganga wa mifugo huketi pamoja wakaamua mnyama achanjwe nini na kila baada ya muda gani. Kalenda hiyo imejengwa juu ya utafiti mzuri. Hata hivyo, ikipelekwa kama ilivyo hadi Kabwe, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, inaweza kuwapotosha wafugaji na wataalamu pia.

Yafaa kwanza kuieleza. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya kwanza kutoka katika dang'a la mama yake. Kinga hiyo humlinda kwa muda, lakini pia huizuia chanjo isifanye kazi, na siku itakapokwisha mwilini haionekani kwa macho. Ndiyo sababu chanjo za distempa, homa ya ini ya mbwa na parvo, maradhi ya kuhara damu yauayo watoto wengi wa mbwa, huanza kutolewa kati ya wiki ya 6 na ya 8, zikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Mbwa akikaribia au akitimiza mwaka mmoja huchanjwa tena, kisha yatosha kila baada ya miaka 3. Chanjo ya leptospira, vijidudu viletavyo kwa binadamu homa ya mgunda iliyosikika sana ilipozuka Lindi mwaka 2022, hutoa kinga fupi, hivyo hurudiwa kila mwaka. Ile ya kichaa cha mbwa hutolewa aghalabu katika wiki ya 12, ikarudiwa baada ya mwaka, na kwa aina nyingi kila baada ya miaka 3.

Chanjo zote hizo zina manufaa. Distempa si jambo dogo: mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walidhaniwa kuwa chanzo. Lakini pale ambapo fedha, barafu na wataalamu ni haba, hapana budi kuchagua. Na katika uchaguzi huo, kichaa cha mbwa hakina mshindani. Dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna aponaye. Inakadiriwa kwamba watu 59,000 hufa kwa maradhi hayo duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na takriban 4 kati ya kila 10 ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Mwenye kuumwa anaweza kuokolewa kwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kupewa chanjo bila kukawia. Lakini chanjo ya binadamu ni ghali mara nyingi kuliko ya mbwa, na hutolewa zaidi ya mara moja. Kwa familia ya mvuvi, hizo ni safari kadhaa na siku kadhaa bila kwenda ziwani.

Sasa lije swali la muda. Ikiwa kinga ya mbwa mmoja yaweza kudumu miaka 3, kwa nini kijiji kichanjwe kila mwaka? Jibu ni kwamba kalenda ya vitabuni humhesabu mbwa mmoja, ilhali kirusi hulihesabu kundi. Chukulia kijiji chenye mbwa 100, na 70 kati yao wamechanjwa. Mbwa wa vijijini hawaishi sana. Iwapo kwa mwaka 30 katika kila 100 hufa na nafasi zao kujazwa na watoto wasiochanjwa, basi baada ya mwaka mmoja waliokingwa watabaki 49, na baada ya miaka 2 watabaki 34. Mbwa mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja hadi wawili tu, kwa hiyo maradhi haya yanazuilika. Lakini kinga ya kundi ikishuka hadi robo au theluthi, njia huanza kufunguka tena. Hapo cheti cha miaka 3 cha mbwa mzee hakimsaidii jirani.

Kwa sababu hiyo hiyo, desturi ya kuwarudisha nyumbani watoto wa mbwa walio chini ya miezi 3 yapaswa kuachwa. Uchunguzi uliofanyika Tanzania na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba hata hao hujenga kinga ya kutosha dhidi ya kichaa. Akirudishwa leo, mtoto huyo atakuwa mbwa mzima wa mwaloni kabla bwana mifugo hajapita tena.

Wengine husema mwenye mbwa alipe. Kwa mbwa wa getini mjini Sumbawanga, na alipe. Kwa Kabwe, yafaa kutazama N'Djamena, mji mkuu wa Chad: wenye mbwa walipotozwa malipo, waliojitokeza walikuwa wachache mno, chanjo ilipotolewa bure mwaka 2012 na 2013, zaidi ya asilimia 70 ya mbwa walifikiwa.

Kikwazo cha joto nacho kimepungua. Uwanda wa Ufipa una baridi, lakini barabara ikishateremka kutoka Namanyere hadi ziwani, chanjo iliyo nje ya jokofu hutiliwa shaka. Utafiti uliofanywa nchini na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa, Nobivac, iliyowekwa katika nyuzi 25 za Selsiasi kwa miezi 6, au nyuzi 30 kwa miezi 3, iliwakinga mbwa sawasawa na ile iliyotoka kwenye jokofu. Hiyo si ruhusa ya kuziacha chanjo juani, wala haizihusu aina nyingine. Lakini yaonyesha kwamba dozi zaweza kutunzwa kijijini kwa uangalifu, badala ya kungoja gari la wilaya.

Pemba imetoa somo la mwisho. Kampeni zilizorudiwa zilikikomesha kichaa kisiwani mwaka 2014; mwaka 2016 kikaingizwa tena kutoka nje, na ikabidi kazi ianzwe upya hadi kikazimwa mwaka 2018. Kabwe ni bandari, na mbwa hupanda mitumbwi pamoja na wenyewe. Shabaha ya dunia, iliyowekwa mwaka 2015, ni kwamba ifikapo 2030 asife mtu kwa kichaa kitokacho kwa mbwa. Kwa Kabwe, shabaha hiyo yamaanisha chanjo moja, bure, kila mwaka, kwa kila mbwa aliyepo siku hiyo, mkubwa kwa mdogo. Nyingine zitolewe pia kwa kadiri ya uwezo, ila zisiichelewesha hiyo.