Mkwaruzo wa Gari na Chupa ya Soda



Mwezi huu tutoke jikoni kidogo, twende uani lilipo gari. Wengi wetu huku Kahe tuna gari la mtumba, umri wake mkubwa kuliko wa kitinda mimba. Jua la tambarare na vumbi havilihurumii, na michongoma ya njiani huchuna milango. Bati likibaki wazi, kutu huingia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mlango wa Corolla yetu nyeupe ulipokwaruzwa, baba watoto alinunua rangi nyeupe yoyote. Ikaonekana kama plasta usoni! Baadaye fundi alituonyesha namba ya rangi ya kiwandani. Kwenye Toyota nyingi imo katika kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au katika kibati chini ya boneti, kando ya herufi C/TR. Yetu ni 040. Mpelekeeni muuza rangi namba hiyo. Lakini rangi kuukuu huwa imepauka, hivyo jaribuni kwanza mahali pasipoonekana.

Kazi yenyewe ni kama kufunga kidonda: usafi kwanza. Osheni kwa maji na sabuni, kausheni. Ondoeni kutu kwa msasa wa maji, mkiulowesha muda wote, kwa kuwa vumbi la rangi ya zamani laweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Penye bati tupu pakeni praima. Ikikauka, pakeni rangi kwa brashi ndogo, nyembamba nyembamba, mara mbili au tatu, mkiacha kila mkono ukauke. Fanyeni kivulini, penye hewa, watoto wakiwa mbali.

Sasa tuungame jambo. Siku ile thina iliyobaki tuliitia katika chupa ya soda na kuiacha dirishani. Mtoto wetu wa miaka mitatu akarudi kutoka kucheza, ana kiu. Tulimkuta ameishika kwa mikono miwili, chupa iko mdomoni. Hakuwa amemeza. Sisi wauguzi, tunaowafundisha wenzetu kliniki, tulikosea nyumbani kwetu wenyewe.

Mtoto akinywa thina, petroli au mafuta ya taa, msimtapishe, wala msimlazimishe kunywa maziwa. Akitapika, yaweza kuingia mapafuni na kuleta homa kali ya mapafu. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi, mkimbizeni kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Hata akionekana mzima mpelekeni. Kikohozi na kuhema huweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Thina ibaki katika kopo lake, limefungwa, kabatini kwenye kufuli. Na leo jioni, kabla ya kulala, kagueni dirisha la stoo.