Bima ya gari: Wanauliza bei, wanasahau kuuliza masharti

UKIPITA Mbagala Rangi Tatu, Tegeta au Mbezi si vigumu kumkuta kijana amekaa chini ya mwavuli, mbele yake meza ndogo na bango la bima za magari. Mwenye gari akisimama huwa na swali moja tu: "Bima shilingi ngapi?" Akishajibiwa anavuka barabara kwenda kwa wakala wa pili kuuliza swali hilohilo, halafu anarudi kwa aliyempunguzia kidogo.

Kutafuta unafuu si kosa. Maisha ya pembezoni mwa jiji ni magumu, na gari linalotoka Chamazi au Bunju kila siku lina gharama nyingi kabla ya bima: mafuta, matairi, na barabara za mtaani zinazomaliza shokapu. Tatizo ni kwamba wengi wanalinganisha kitu ambacho hakina tofauti kubwa, na kuacha kile chenye tofauti.

Kabla ya Sheria ya Bima ya mwaka 1996, mwenye gari hakuwa na cha kulinganisha. Tangu bima zilipotaifishwa mwaka 1967, Shirika la Bima la Taifa (NIC) lilikuwa peke yake sokoni. Leo kampuni ni nyingi, mawakala ni wengi zaidi, na msimamizi wao ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2009.

Hata hivyo, ushindani huo haukuifanya bima ndogo, ile inayomlinda mtu mwingine atakayegongwa, kuwa bidhaa ya kupatana bei kama nyanya. TIRA iliweka viwango vya chini, na kwa gari dogo la binafsi wenye magari wamezoea kwa miaka mingi kulipa Sh118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Kwa hiyo wakala anayetaja bei hiyo hamwibii mtu. Wa kuogopwa ni yule anayesema "lete sabini tuyamalize".

Stika bandia zimewaliza wengi. Siku hizi hakuna sababu ya kuendelea kulizwa, kwani taarifa za kila bima huingizwa katika mfumo wa TIRA, na mwenye gari anaweza kuhakiki kwa simu akitumia namba ya gari lake kabla hajaondoka pale kwenye mwavuli. Akikuta gari halionekani, amenunua karatasi. Kazi hiyo haichukui hata dakika 5, na inashangaza ni wangapi hawaifanyi mpaka askari wa trafiki awafanyie.

Kwenye bima kubwa ndiko kulinganisha kunakolipa, na ndiko watu wanakoumia.

Chukulia mwenye gari lenye thamani ya Sh12 milioni. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, anatakiwa kulipa Sh420,000 kabla ya VAT. Wakala anayetaka kumpata mteja anamshauri: "Tuandike milioni 8." Bima inashuka hadi Sh280,000. Mteja anaondoka amefurahi, ameokoa Sh140,000.

Miezi 3 baadaye gari linagongwa Barabara ya Kilwa, na matengenezo yanahitaji Sh3 milioni. Kama mkataba una kipengele cha uwiano, kampuni itasema kwamba gari lilikatiwa bima kwa theluthi mbili ya thamani yake, hivyo italipa theluthi mbili ya hasara, yaani Sh2 milioni. Sh1 milioni iliyobaki ni ya mwenye gari. Gari likiibwa lote, hatapata zaidi ya zile Sh8 milioni alizoandika. Sh140,000 alizookoa zimemponza.

Kinyume chake nacho kipo. Kuna wanaokata bima kila mwaka kwa thamani ileile ya siku gari lilipotoka bandarini, wakati lishachakaa. Wanalipia Sh15 milioni, lakini siku ya hasara kampuni inaangalia bei ya soko ya siku hiyo. Kuuliza bei za magari kama hilo yadi mbili tatu kabla ya kukata bima upya ni kazi ya nusu siku.

Halafu kuna kile kiasi ambacho mwenye gari hujilipia kwanza kabla kampuni haijaingiza mkono mfukoni, ambacho mawakala hukiita ekses. Kampuni mbili zinaweza kutoza bima sawasawa kabisa, lakini moja ikataka mteja abebe Sh200,000 za mwanzo katika kila ajali, nyingine Sh500,000. Kwa gari la Dar es Salaam, ambalo ajali zake nyingi ni za kubonyezwa mlango na kuvunjwa taa kwenye foleni, ekses ya Sh500,000 maana yake ni kwamba ajali nyingi zitaishia kwenye gereji bubu kwa fedha ya mwenye gari. Maji ya mvua nayo yaulizwe kwa jina. Anayelaza gari bondeni asikubali kujibiwa "bima kubwa inalipa kila kitu" bila kuonyeshwa palipoandikwa.

Lakini kundi lililo hatarini zaidi ni la wafugaji na wafanyabiashara wa mazao. Mfugaji wa kuku wa Chamazi ananunua kirikuu na kukikatia bima ya matumizi binafsi, kwa kuwa ni nafuu. Asubuhi kinapeleka kuku wake sokoni. Mchana kinabeba machungwa ya jirani kutoka Mkuranga hadi soko la Temeke Stereo, kwa malipo. Kwa bima, kubeba mzigo wako na kubeba mzigo wa watu kwa kulipwa ni vitu viwili tofauti, na kampuni ikigundua gari lilikuwa kibaruani inaweza kukataa madai. Bima ipo hai, stika inaonekana kwenye mfumo, trafiki anaikubali, ila siku ya ajali haimsaidii.

Hesabu yake si ya kutisha. Hata kama bima ya biashara ingemzidishia Sh150,000 kwa mwaka, gari linalokwenda Mkuranga mara 4 kwa wiki linafanya safari zaidi ya 200. Nyongeza hiyo haifiki Sh750 kwa safari, na inaweza kuingizwa kwenye nauli ya mzigo bila mteja kulalamika. Mkulima anayejua kupiga hesabu ya dawa na mbolea kwa eka hashindwi hesabu hii. Hajawahi kuonyeshwa tu, kwa sababu wakala analipwa kamisheni kwa kuuza, na maswali mengi yanamchelewesha.

Hapa TIRA ina jambo la kufanya. Wakala alazimishwe kumpa mteja, kabla ya kupokea fedha, karatasi moja ya Kiswahili yenye mambo manne: matumizi ya gari yaliyoandikwa, thamani iliyoandikwa, ekses, na yale ambayo kampuni haitalipa. Mikataba mingi ni kurasa za Kiingereza kwa herufi za kuumiza macho, na mwenye gari wa Toangoma huiona mara ya kwanza siku anayopeleka ripoti ya polisi. Akigongana na kampuni anaweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na sheria hiyohiyo ya mwaka 2009. Ila msuluhishi naye ataanza kwa kusoma kilichoandikwa kwenye mkataba, na kama pameandikwa "matumizi binafsi" wakati gari lilikutwa na magunia ya machungwa ya watu, mfugaji huyo hatakuwa na la kumwambia.