Luteni aliye darasani ni mwanajeshi, alipwe

Mwaka wa 1965 Uingereza ilikabidhi serikali ya Kenya kambi ya Templer pale Kahawa, na mabweni ya askari yakageuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta, kilichokuja kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 1985. Jeshi halikuhama eneo hilo; Kahawa Garrison ipo jirani hadi leo. Panda matatu hapo kuelekea Thika: utaipita Ruiru, kisha Juja kwenye chuo kikuu cha JKUAT, halafu ufike mjini palipo na Chuo Kikuu cha Mount Kenya na kambi ya kikosi cha 12 cha wahandisi wa jeshi. Vijana wa huku hukua wakiona magwanda na joho kwenye barabara moja, na wengi wanavitamani vyote viwili. Basi ni haki wajue jambo moja kabla ya kula kiapo. Afisa aliyekwisha kupewa kamisheni, akaruhusiwa kusomea uzamili kabla ya kuripoti kikosini, anahesabiwa kuwa nani? Naamini jibu ni moja tu: ni mwanajeshi aliye kazini, na alipwe kama aliye kazini.

Hili si suala la watu wachache wenye kupenda vyeti. Jeshi linahitaji mhandisi wa kujenga daraja na kutegua mabomu, wakili anayeijua sheria ya vita, mtaalamu wa kulinda mitandao, daktari wa upasuaji. Shahada ya kwanza haiwafikishi huko, na umri nao haungoji. Matangazo ya kuwaita makadeti wenye shahada kwa kawaida huweka kikomo cha miaka 30 kwa wataalamu wengi. Sasa piga hesabu ya daktari: miaka 6 ya chuo, mwaka 1 wa mafunzo hospitalini, kisha miaka 5 ya kubobea katika upasuaji. Aliyeingia chuoni akiwa na miaka 19 atamaliza akiwa na 31. Akingoja ahitimu yote ndipo ajiunge na jeshi, itabidi alegezewe umri. Akijiunga mapema bila utaratibu wa kumruhusu asome, atabaki daktari wa kawaida kwa miaka mingi huku jeshi likitafuta mabingwa nje. Njia iliyo nyoofu ni kamisheni kwanza, masomo baadaye, na mkataba wa utumishi unaoanza kutekelezwa akihitimu.

Mjadala huu huelekezwa upesi kwenye pesa, ilhali mzizi wake ni sheria. Kifungu cha 24(5) cha Katiba ya 2010 kinaruhusu sheria kuwabana wanaotumikia Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) katika haki kadhaa: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, haki za wafanyakazi, hata haki za kiuchumi na kijamii. Mfanyakazi wa kawaida akidhulumiwa na mwajiri ana chama na ana mgomo. Luteni hana. Aliziweka haki hizo mezani siku alipoapa kwenye chuo cha kijeshi cha Lanet, si siku atakapopangiwa kikosi. Ikiwa kiapo kinamfunga akiwa maktaba ya JKUAT sawasawa na akiwa mpakani, basi mwajiri wake naye amefungwa. Haiwezekani taifa limhesabu kuwa mwanajeshi linapotaka utii, kisha limhesabu kuwa mwanafunzi binafsi zamu ya mshahara ikifika.

Marekani imejaribu njia zote mbili, ya kumlipa afisa anayesoma na ya kutomlipa, na tofauti yake inafunza. Afisa anayepewa kamisheni kupitia mafunzo ya chuoni, ROTC, anaweza kuomba kuahirisha utumishi ili asomee sheria au udaktari. Akikubaliwa huwekwa kwenye orodha ya akiba: ana cheo, hana mshahara. Lakini kipo pia chuo cha jeshi cha udaktari kule Bethesda, ambako mwanafunzi ni afisa kamili, analipwa mshahara na marupurupu tangu mwanzo, naye anadaiwa miaka 7 ya utumishi baada ya kuhitimu. Anayepokea zaidi anadaiwa zaidi, na kila upande unajua unachodai.

Kwetu, tumeona yanayotokea malipo ya anayesoma yakiachwa yaelee. Katika migomo ya madaktari, ule wa siku 100 wa 2016 hadi 2017 na ule wa siku 56 wa 2024, masomo ya ubingwa na gharama zake yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyozua mvutano. Madaktari wale walikuwa na chama cha kuwasemea. Afisa kijana hana wa kumsemea, ilhali bili zake ni zile zile. Bodi ya mikopo ya HELB huanza kudai mkopo wa shahada ya kwanza mwaka mmoja baada ya mtu kumaliza masomo, na anayechelewa hutozwa faini ya Sh5,000 kwa mwezi. Bima ya afya ya SHA kwa asiye na mshahara hulipwa kwa mwaka mzima. Ongeza kodi ya chumba Juja na karo ya uzamili, uone kama mtoto wa familia ya kawaida kutoka Kiganjo au Githurai atamudu. Atakayemudu ni yule mwenye wazazi wa kumbeba, na hatimaye ubingwa jeshini utakuwa wa watoto wa wenye nacho.

Wapo watakaouliza kama ni haki luteni anayesoma alipwe sawa na mwenzake aliye Somalia, ambako majeshi yetu yaliingia Oktoba 2011 na ambako wengi hawakurudi. Si haki, wala sipendekezi hivyo. Marupurupu ya operesheni na ya mazingira magumu ni ya aliye kwenye mazingira hayo. Ninachodai ni mshahara wa msingi, matibabu, na miaka hiyo kuingia kwenye pensheni. Kuhusu kupanda cheo nakubaliana kabisa na wanaopinga: miaka ya darasani isihesabiwe kuwa miaka ya kuongoza askari, kwa sababu uongozi wa kikosi haupatikani kwenye tasnifu.

Hoja ya kwamba watasoma kisha watoroke kwenda kampuni binafsi ni nzito zaidi, lakini inaelekea upande wangu. Mkataba wa kumdai mtu miaka ya utumishi hupata nguvu kutokana na ulichompa. Aliyelipwa mshahara wa miaka mitatu akiondoka, kuna kiasi kinachojulikana cha kumdai. Aliyejisomesha kwa mkopo atauliza mahakamani serikali ilimpa nini hata imshike, na atasikilizwa. Gharama nayo ipo, sikatai. Ila idadi ya watakaoruhusiwa iko mikononi mwa jeshi lenyewe. Linaweza kutoa nafasi chache kila mwaka kulingana na taaluma linazozikosa na kiasi linachoweza kulipia.

Katiba imelikabidhi Baraza la Ulinzi jukumu la kusimamia sera za KDF, kwa hiyo halihitaji kungoja bunge ili lianze. Liandike kanuni, kisha lizichapishe pale vijana wanapozisoma. Tangazo la makadeti hutaja alama za KCSE, urefu na hata kilo za uzito. Litaje pia mshahara wa afisa aliye masomoni, atakayemtibu, na miaka atakayodaiwa akihitimu.