Guangzhou wamefungua mlango, sisi tunapitisha nini?

GUANGZHOU – Wakaazi wa Maskati mnalijua lile jahazi lililowekwa karibu na Al Bustan. Ni Sohar, lililoundwa Sur. Lilitoka Maskati Novemba 1980, likafika hapa Guangzhou Julai 1981, kwa njia ya wazee wetu walioujua mji huu kwa jina la Khanfu. Wazee wale walileta lubani, wakarudi na hariri na vyombo vya kauri. Hawakuja mikono mitupu.

Leo tunaleta dola tu. Mwaka 2024 biashara kati ya China na Afrika ilifika karibu dola bilioni 296, na China iliiuzia Afrika zaidi kuliko ilivyonunua kwa kama dola bilioni 62.

Na pengo hili haliko tayari kupungua. Aprili 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa za China hadi asilimia 145, ikaja kuupunguza mwezi wa pili yake. Kiwanda kilichopoteza mteja Marekani hakifungi, kinatafuta mteja mwengine. Mteja huyo ni sisi. Mnunuzi anafurahi kwa bei, lakini fundi viatu wa kwetu ataishi vipi?

Nimepita mitaa ya Xiaobei na mpwa wangu mwenye duka Kariakoo. Akaniambia, "Mjomba, mwenye kiwanda sasa anauza mwenyewe kule kule kwetu. Mimi nitamuuzia nani?" Malalamiko kama hayo ndiyo yaliyoifanya Tanzania, Julai 2025, kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, yakiwemo maduka ya jumla na rejareja. Sasa tusikilizane vizuri, jamaa zangu: amri haikusema Mchina. Imesema asiye raia. Mwenye pasipoti ya Oman na duka Dar es Salaam naye yumo humo.

Upande wa pili, mlango umefunguliwa. Tangu Disemba 1, 2024, China haitozi ushuru bidhaa za nchi maskini zaidi, Tanzania na Uganda zikiwemo. Juni 2025 ikatangaza nia ya kufika nchi 53 za Afrika, hata Kenya. Lakini ushuru sio kizuizi peke yake. Parachichi linataka shamba lililokaguliwa, chumba cha baridi na meli isiyochelewa. Shaba ghafi inapita bila ya tabu, lakini faida kubwa inabaki kwa anayeigeuza waya.

Nilisomesha miaka mingi, na hesabu hii ni ya darasa la nne: anayeuza kibichi na kununua kilichopikwa hamalizi deni. Familia nyingi za Ghuba zinapeleka pesa nyumbani kujenga nyumba, au kufungua duka la vitu vya China. Nyumba ni sitara, sisemi. Ila kabla ya kufungua duka jengine, ulizeni kwanza sheria inasemaje, kisha fikirieni chumba cha baridi, au mtambo wa kukamua mafuta, kwa karatasi halali.

Wazee walikuja na lubani. Sisi tuje na nini?